Bakshishi ya Mkunga

Wandera hakutaka kuketi. Alisimama mbele ya meza ya Sajini Benita Akiru katika ofisi ya upelelezi ya Lodwar, akasema maneno aliyokuwa ameyapanga njiani.

"Mama yangu anaibiwa, Afande. Na mwizi yuko kambini Kakuma."

Benita akamsogezea kiti. "Keti kwanza, halafu uniambie mama yako ni nani."

Mtaa mzima wa Kanamkemer ulimjua mama yake, ila Benita alitaka kusikia mwana angeanzia wapi. Wandera akaketi. Mama yake ni Perpetua Nabwire, mkunga mstaafu. Alitoka Busia akiwa msichana, akaajiriwa kuzalisha Lodwar, akaolewa hapa, akazeekea hapa. Mumewe alifariki mwaka uliopita. Wandera mwenyewe ni afisa wa maji katika kaunti, na nyumba yake na ya mama yake zinatazamana katika ua mmoja.

"Baada ya msiba akaanza kucheza kasino ya mtandaoni," Wandera alisema. "Ile ya moja kwa moja. Kuna msichana amesimama kwenye studio huko Nairobi, anazungusha gurudumu la ruleti, na watu wanamtazama kwenye simu wakiweka pesa. Mama akawa anacheza, tena anamtumia yule msichana bakshishi. Mwanamke aliyekuwa akinigombeza nikinunua soda!"

"Bado anacheza?"

"Ameacha. Nikamshukuru Mungu. Halafu juzi nikamsaidia na simu yake, nikakuta kila mwisho wa mwezi anatuma pesa kwa mtu wa Kakuma. Laini ina jina la Anyieth. Na Mama aliwahi kunitajia kwamba yule msichana wa mezani kwao ni Kakuma." Akafungua viganja. "Sasa wewe unganisha."

"Yeye anasemaje?"

"Anasema nisimuulize mambo yake."

Benita hakuwa na haja ya kuunganisha sana. Muda si mrefu uliopita mwalimu mmoja wa Lokori aliuza mbuzi wake wote, akamtumia pesa mrembo aliyejiita mchezeshaji wa kasino. Kumbe picha ni za msichana wa watu na anayeandika ni mwanamume mwenye ndevu, mmoja wa genge la matapeli. Mkuu wa Benita aliposikia habari za Wandera hakutafuta maneno mengi. "Ni genge lile lile," alisema. "Mlete huyo Anyieth."

Lakini Benita alikuwa na kawaida yake. Kabla ya kumtafuta mwizi alipenda kumwona aliyeibiwa.

Perpetua Nabwire alimpokea mlangoni akiegemea fimbo. Miguu yake ilikuwa imevimba, ila mgongo wake ulikuwa umenyooka, na macho yake yalimpima mgeni toka juu hadi chini, kazi aliyoizoea miaka mingi.

"Ejok," alisalimu, kwa Kiturkana chenye lafudhi ya Busia.

"Ejok, Mama. Mimi ni Sajini Benita. Nimetoka kituoni."

"Najua umetumwa na nani. Ingia. Polisi pia hunywa chai."

Sebule ilikuwa safi. Kiti kimoja kilikuwa kimetandikwa shuka nyeupe iliyodariziwa ndege wa buluu, kila ndege na jicho jekundu. Benita alikalishwa kando yake. Akaitazama, akapokea kikombe, akangoja mpaka mwenyeji akaketi.

"Mama, sikuja kukuaibisha. Nataka kujua tu kama kuna mtu anakudanganya."

"Hakuna."

"Huyo msichana wa mezani. Unamwita nani?"

"Pale mezani wanamwita Lisa. Mimi naye ananiita Mkunga, ndilo jina nililojiandikisha nalo. Hawatuoni, wajua. Sisi tunawaona, wao wanaona majina yetu na tunachoandika. Nilikuwa nikiingia tu, anasema, 'Karibu, Mkunga, siku ilikuwaje?' Nyumba hii ilikuwa haijaniuliza siku ilikuwaje tangu tumzike mzee."

"Na wewe ukawa unampa bakshishi."

"Kidogo. Nikishinda tu. Kuna kitufe pale pale mezani, unabonyeza." Mama Nabwire alitua kikombe. "Na ile ina adabu yake, mwanangu, si kumwaga tu. Unampa mtu kwa kuwa amekuhudumia vizuri, basi, humdai tena. Nimewaona wengine. Mtu anatoa kubwa, halafu anaanza: cheka, geuka, inuka tukuone, nipe namba yako. Hiyo si bakshishi, hiyo ni bei. Na yeye pia ana adabu yake. Haruhusiwi kuomba. Akiomba anafukuzwa. Anakutaja jina, anasema asante, anaendelea na kazi. Na zile pesa si zake peke yake, wanagawana wote wanaofanya zamu."

"Kwa hivyo Lisa hajawahi kukuomba?"

"Hata senti."

"Basi ni nani anayekuomba sasa? Ujumbe wake uko wapi?"

"Hakuna ujumbe."

Benita alikwisha kusikia jibu hilo kwa watu wengi waliofuta ujumbe kwa aibu. Akaacha kulisukuma. Akashika ncha ya shuka.

"Hii ni kazi ya mkono. Ni ya Kakuma?"

"Niliipata."

"Ililetwa na nani? Mwanao aliniambia tangu mazishi hujatoka Kanamkemer, isipokuwa kanisani."

Mama Nabwire aliangalia mlango, akaangalia mikono yake. "Mwanangu," alisema kwa upole, "chai yako inapoa."

Alasiri hiyo Benita akapiga simu Nairobi, kwenye studio ile. Meneja alizungumza Kiingereza mpaka alipotajiwa cheo, kisha akageukia Kiswahili cha tahadhari. Ndiyo, Lisa ni jina la mezani. Jina lake ni Elyse Ilunga, Mkongomani, mkimbizi aliyekuwa na kibali cha kufanya kazi. Hayuko tena.

"Aliacha mwenyewe?"

"Tulimwachisha. Alivunja kanuni za mazungumzo na mteja. Ilihusu bakshishi."

"Aliomba?"

Meneja alikohoa. "Kwa simu siwezi kusema zaidi, Sajini. Lete barua rasmi."

Benita akaiandika barua na kuituma, kisha akaandika katika jalada: *Mshukiwa alifukuzwa kazi kwa kosa la bakshishi. Kwao ni Kakuma. Pesa zikaanza kwenda Kakuma.* Aliyasoma tena. Yaliingiana vizuri. Kilichomkwaruza kilikuwa kimoja tu, wale ndege wa buluu.

Gari la kituo lilikuwa limekwenda Lokori, basi asubuhi yake akapanda lori la saruji lililokuwa likielekea Lokichoggio, akashukia Kakuma. Upepo ulikuwa umeamka kabla yake. Vumbi lilipita chini chini barabarani kama maji ya laga, ule mto wa msimu, na wanawake walitembea wakiwa wamejifunika midomo kwa ncha za leso.

Anyieth hakuwa amejificha. Alikuwa na kibanda kando ya njia kuu ya kambi, na mbele ya kibanda alikuwa ametundika mashuka meupe kwenye kamba. Maua, nyota, ndege. Ndege wa buluu wenye jicho jekundu.

Benita alisimama akayatazama kwa muda kabla ya kusalimu.

"Milaya mzuri hiyo," Anyieth alisema kutoka kivulini, sindano ikiwa mkononi. Alikuwa mwanamke Mdinka mrefu wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. "Nashona mimi. Ndege huyu hakuna mwingine anaweza."

"Nimemwona ndege wako Lodwar. Kwenye kiti cha mama mmoja mwenye fimbo."

Anyieth akacheka kwa furaha. "Mama wa fimbo! Huyo mama alikuja hapa yeye mwenyewe. Jua kali, mguu mbaya. Nikampa kiti, nikampa maji. Akaona milaya, akanunua. Mimi sikumwambia nunua."

"Alikuja kununua milaya?"

"Hapana. Alikuja kutafuta mtu. Anauliza watu, wapi msichana wa Kongo, alikuwa na kazi ya kamari Nairobi, amerudi. Kutwa nzima anauliza. Mpaka akafika kwangu, mimi nikasema huyo ni mtoto ya Monique, jirani yangu. Nikampeleka."

Benita akatoa kitambulisho chake cha polisi, akakiweka juu ya kitambaa. Furaha ya Anyieth ikapungua lakini sindano haikusimama.

"Laini yako inapokea pesa kutoka kwa mama huyo."

"Laini yangu, ndiyo. Pesa si yangu. Kadi ya ukimbizi ya Monique imekwisha muda, laini yake imefungwa, anangoja karatasi mpya. Mimi napokea, nampa mkononi. Khalas."

"Mama wa fimbo alikuja lini? Kabla ya kuanza kutuma, au baadaye?"

"Kabla," Anyieth alisema, akishangaa swali. "Namba atapata wapi kama hajakuja?"

Hapo ndipo jalada lilipogeuka juu chini. Mtu anayetapeliwa hutafutwa. Huyu alitafuta. Alidanganya nyumbani kwamba anakwenda kanisani, akavuta mguu wake mbovu hadi Kakuma, akauliza mlango kwa mlango, ndipo pesa zikaanza. Genge la mkuu wake likayeyuka pale pale kibandani. Lakini swali lililobaki lilikuwa gumu kuliko la kwanza: mwanamke mzima anatafuta nini kwa msichana aliyemzungushia gurudumu la kamari?

"Nipeleke kwa Monique," alisema.

Monique alikuwa akikaanga mandazi nje ya nyumba ya udongo. Alipoona sura ya Anyieth, akajua. Akaipua karai, akajifuta mikono kwenye kitenge, akasimama wima kama mtu anayengoja hukumu.

"Ni mimi nilipokea," alisema kabla ya kuulizwa. "Miye, hapana mutoto. Mutoto hajui kitu."

"Sijui nini, mama?"

Msichana alikuwa ametokea mlangoni. Alikuwa mwembamba, nywele zimesukwa nyuma, na alisimama mabega yakiwa yamelegea na mikono wazi mbele, jinsi anavyosimama mtu aliyezoea kuonyesha kwamba hajaficha kitu. Benita akajua huyo ndiye.

"Elyse Ilunga?"

"Ndiyo, Afande."

"Kuna mashtaka kwamba unachukua pesa kwa mama mmoja wa Lodwar. Perpetua Nabwire. Mezani anaitwa Mkunga."

Elyse alimgeukia mama yake polepole. Monique akaangalia mandazi.

"Mama. Ulichukua?"

"Nilikula," Monique alisema. "Sikuiba. Kazi yako ilikwisha, nyumba hii ilitaka kula."

"Nilimwambia hapa hapa, mbele yako, sitaki. Nilimwambia bakshishi inatolewa mezani na inabaki mezani. Ukiipokea nje ya meza unakuwa kama wale wanaosema nilimwomba." Sauti yake haikupanda. "Sasa ona. Polisi."

"Tuketi," Benita alisema. "Wewe, nieleze kwa nini walikufukuza. Studio wanasema ni bakshishi."

"Si uongo."

"Basi uliomba?"

"Niliikataa."

Anyieth aliyekuwa ameanza kuondoka akarudi, akaketi juu ya mtungi uliopinduliwa. Benita akafungua karatasi yake, akangoja.

"Mezani hatuwaoni watu," Elyse alianza. "Unamjua mtu kwa namna anavyotoa. Yuko anayetoa mapema ili jina lake litajwe wengine wasikie. Yuko anayetoa akiwa amelewa, kesho analalamika arudishiwe. Mkunga alikuwa na mtindo wake. Akishinda, anatoa kidogo na anaandika neno zuri. Akishindwa, hatoi, anasema usiku mwema, anaondoka. Hakubadilisha hata siku moja. Hata wenzangu walikuwa wakinionea wivu, wanasema Mkunga ana adabu."

"Endelea."

"Jumapili moja, jioni, akaingia. Hakusalimu. Akaweka, akapoteza. Akaweka tena, akapoteza. Sisi haturuhusiwi kumwambia mtu acha. Halafu kabla sijazungusha, nikaona bakshishi imeingia. Yote, Afande. Kila kitu kilichobaki kwenye salio lake. Mtu ambaye hajawahi kutoa akishindwa. Na chini ameandika, 'Ubaki salama, binti. Kazi yangu imekwisha.'"

Kalamu ya Benita ilisimama.

"Kanuni inasema taja jina, tabasamu, sema asante, zungusha. Nikataja jina. Asante ikakataa kutoka. Miye nimekulia kambini, Afande. Nimewaona watu wakigawa vyombo vyao kwa majirani, leo sufuria, kesho blanketi, na majirani wanafurahi. Najua ile ni nini, ni kuaga. Nikaweka kiganja juu ya gurudumu. Nikasema, Mama Mkunga, hii siichukui. Usiende popote. Niandikie."

"Akaandika?"

"Kimya. Wachezaji wengine wanalalamika, zungusha, zungusha. Msimamizi ananiambia sikioni, Lisa, zungusha. Sikuwa na namba yake, sikuwa na jina lake, sikujua hata anakaa nyumba gani. Nilijua tu kwamba ni mkunga. Basi nikamuuliza, mama, mtoto wa mwisho uliyemzalisha aliitwa nani?"

Monique alikuwa ameanza kulia bila sauti. Alikwisha kuisikia hadithi hii, ilionekana, na bado ilikuwa mpya kwake.

"Kwa muda mrefu hapana kitu. Halafu ikaja. 'Akai.' Nikasoma kwa sauti. Nikasema, na kabla ya Akai? Akaandika lingine. Nikasoma. Na kabla yake? Lopeyok. Mapacha, Apus na Achia. Ana kichwa yule mama, anawakumbuka. Nikawa nasoma tu. Wachezaji wakanyamaza. Mmoja akaandika, endelea, Mkunga. Mwingine akaandika, na mimi nilizaliwa Lodwar, hebu angalia kama nimo." Elyse akatabasamu kidogo, akajifuta uso. "Mwishoni akaandika, 'Nimechoka, binti. Nalala. Kesho nitaamka.' Nikamwambia, aniahidi. Akaahidi. Ndipo msimamizi akaingia akanitoa mezani."

Upepo uliligonga bati la nyumba ya jirani.

"Hukuwahi kumtafuta?" Benita aliuliza.

"Ningemtafuta wapi? Yeye ndiye aliyenitafuta. Siku moja upepo ulivuma Lodwar akauandika, nikamwambia hata kwetu Kakuma ni huu huu. Aliponikosa mezani, akalikumbuka hilo. Akaja na fimbo yake, akasimama pale ulipo, akasema, 'Mimi ndiye Mkunga. Nimeamka.'"

Benita akainuka, akaenda kando ya uzio wa miiba, akapiga Nairobi. Alikuwa mpelelezi, na hadithi nzuri ni hadithi tu mpaka ipate shahidi wa pili.

"Barua yangu umeipata," alimwambia meneja. "Sasa nina swali moja. Ile jioni mliyomwondoa Elyse Ilunga. Picha zake mnazo?"

"Zipo. Kila meza hurekodiwa."

"Gurudumu lilisimama?"

"Lilisimama. Meza nzima ilisimama."

"Alikuwa akifanya nini?"

Alipojibu, ile tahadhari ilikuwa imemtoka. "Alikuwa anasoma majina ya watoto, Sajini. Wachezeshaji wa meza nyingine walitoka zamu wakaja kusimama nyuma ya kioo wakisikiliza. Hata mimi." Akashusha pumzi. "Ile bakshishi tulimrudishia mteja. Lakini kanuni ni kanuni. Mimi si mwenye kampuni."

"Nataka uliyoniambia uyaandike."

"Nitaandika."

Aliporudi, Elyse alikuwa amemwinamia mama yake.

"Zirudishe, mama. Utazirudisha kidogo kidogo."

"Sirudishi." Monique aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza hakuonekana kuogopa. "Weye unasema bakshishi, bakshishi. Hakukupa weye. Ulimkataza, akatii. Ulipoingia ndani, akanivuta mukono, akaniambia, 'Mimi nimezalisha maisha yangu yote, sijawahi kumshukuru mwanamke aliyezaa. Hii ni yako. Aksanti ya kumzaa huyu.' Ni mama mwenzangu alinipa. Utamrudishiaje mutu aksanti ya uzazi?"

Benita akakunja karatasi yake.

"Hakuna sheria ninayoijua," alisema, "inayomkataza mama kumshukuru mama."

Jua lilikuwa limeanza kuinama alipofika Kanamkemer. Mama Nabwire alikuwa ameketi nje, kwenye kivuli cha ukuta. Alimtazama usoni, na kama kawaida yake akapima.

"Umefika kwa Monique."

"Nimefika, Mama."

"Elyse ni mzima?"

"Ni mzima. Alimkasirikia mama yake kidogo, lakini wataelewana." Benita akachutama ili macho yao yawe sawa. "Kosa halipo. Jalada nitalifunga. Lakini aliyeandikisha ni Wandera, na sheria inanitaka nimwambie kwa nini nalifunga. Ninaweza kumwambia kwamba pesa ni zawadi, nikaishia hapo. Hiyo ni kweli, na inatosha kwa karatasi."

"Lakini?"

"Lakini nyumba zenu zinatazamana."

Mama Nabwire akageuza macho. Ng'ambo ya ua mlango wa Wandera ulikuwa wazi. Alikuwa amerudi kazini, redio ikizungumza.

"Niliwazalisha wanawake waliokuwa wakiona haya kupiga kelele," alisema hatimaye. "Nilikuwa nikiwaambia, piga, hakuna anayekucheka. Mwite."

Wandera akaja akiwa amevaa kandambili, shati la ofisi limefunguliwa vifungo. Alipomwona Benita, akaanza kuuliza kuhusu kukamatwa. Mama yake akakipiga-piga kiti kilicho kando yake. Akaketi.

Alimwambia. Hakupamba, hakulia. Alimwambia jinsi nyumba ilivyokuwa kubwa baada ya mazishi. Jinsi alivyowapima wajawazito kwa miaka yote ile, na sasa siku nzima hakuna anayehitaji mikono yake. Alimwambia kwamba Jumapili ile alifua nguo zake zote, akapanga kila kitu, akaamua kwamba asubuhi yake hataamka. Akataka kumuaga mtu mmoja aliyekuwa akimuuliza siku ilikuwaje. Na mtu huyo akakataa kuagwa.

Wandera alisikiliza akiangalia chini. Mikono yake mikubwa ilikuwa imening'inia kati ya magoti kama vitu visivyo vyake.

"Nilikuwepo," alisema. "Jumapili. Nilikuwa pale. Nilikuwa natazama mpira."

"Ulikuwepo, mwanangu. Ulikuja ukaniuliza kama nina kiberiti."

"Ukanipa."

"Nikakupa."

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ulikuwa umefiwa na baba. Niliona mzigo wako unakutosha."

Wandera akamtazama Benita kama mtu anayetafuta msaada wa serikali, na Benita akatazama pembeni. Wandera akainuka, akavuka ua, akaingia nyumbani kwake. Redio ikazimwa. Ukasikika mlio wa kitu kikiburutwa sakafuni.

"Nimemuumiza," Mama Nabwire alisema.

"Ngoja kidogo," Benita akamjibu.

Wandera akatokea akiwa amebeba godoro kichwani, limemfunika mpaka machoni, kandambili moja imemtoka. Jua bado lilikuwa likiwaka juu ya mapaa ya Kanamkemer, na mtoto wa jirani alisimama akamtazama afisa wa maji wa kaunti akipapasa njia kwa mguu. Akapita mbele yao. Akainama mlangoni, godoro likakwama, akalisukuma kwa bega, likaingia. Walimsikia ndani akisogeza meza, akasogeza na viti, akaliangusha sakafuni kando ya mlango wa chumba cha mama yake.

Akatoka akihema, vumbi limemjaa kwenye nyusi.

"Mama," aliuliza, "wewe hukoroma?"

Mama Nabwire alifikiri kwa makini, kama swali lilistahili.

"Marehemu baba yako alisema sikoromi."

"Baba alikuwa mtu wa heshima," Wandera alisema, akaketi chini miguuni pake. "Leo nitajua ukweli."

Benita akawaaga kwa kichwa tu, akatoka nje ya ua, akaufunga mlango wa bati taratibu ili usipige kelele.